Irungu, Uliyetumwa Ng'ambo ya Ua

Ngo! Ngo-ngo!

Pigo moja juu ya mabati, kimya kidogo, kisha mawili ya haraka. Ilikuwa juzi asubuhi, dirisha lilikuwa bado limefungwa na hatukuwa tumeona mtu, lakini sote tuliujua mlio huo. Mama aliacha mwiko kwenye sufuria ya uji. Wahu, dada yetu, alitoka chumbani na kitana kikiwa bado kichwani. Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukigonga mageti ya watu hapa Turbo, Irungu, na wiki hii mwaka mmoja unatimia tangu mkono wako uliponyamaza.

Aliyegonga tutamtaja. Kwanza acha tukukumbuke inavyokustahili, na majirani wasikie.

Ulizaliwa na moyo dhaifu, na tangu utotoni ulipanda mlima wowote kwa kupumzika mara nyingi. Lakini ulipotimiza umri, ulituma maombi ya kwenda kuhudumu kama mishonari wa kanisa letu, kama vijana wengine wa tawi la Eldoret. Ulitaka kwenda mbali. Mama alikununulia sanduku jeusi lenye magurudumu, nawe ukawa unalivuta uani kulijaribu, kuku wakikimbia.

Jibu lilipokuja, lilisema utahudumu nyumbani. Madaktari hawakutaka uwe mbali na kliniki. Wenzako walipelekwa Zambia na Ghana, wewe ukapewa Turbo, kijiji ulichozaliwa. Ulikaa juu ya lile sanduku mchana mzima. Jioni uliinuka, ukatia makaa kwenye pasi, ukanyoosha shati jeupe. "Kesho naanza kazi," ukasema.

Watu hawakukuacha hivi hivi. Collins wa duka la mbegu alikupigia kelele barabarani: "Weh Irungu! Mishonari gani huyu anarudi kwa mamake kila jioni kula ugali? Umetumwa wapi?"

"Nimetumwa mbali kuliko wote," ukamjibu.

"Wapi?"

"Ng'ambo ya ua wetu. Huko hakuna aliyewahi kwenda akarudi na habari njema."

Duka zima lilicheka, na Collins alicheka kuwashinda.

Tunakumbuka asubuhi zako. Uliamka kabla ya jogoo wa Mama Jerop, ukapiga magoti, ukasoma maandiko kwa sauti ya chini ili usimwamshe Baba. Kisha shati, tai, beji nyeusi kifuani, na miguuni gambuti, maana matope ya Turbo hayajui heshima. Jumanne ulikuwa Eldoret, kwenye wodi ya watoto, ukiwasukuma kwenye viti vya magurudumu na kuiga mlio wa trekta. Alhamisi ulifagia kanisa. Jumatatu ilikuwa siku ya kufua. Siku zilizobaki ulitembea mageti ya kijiji na swali lako moja: "Kuna kazi?"

Sheria ya mamishonari ni kutembea wawili wawili, na ingawa wa nyumbani hawabanwi nayo, wewe uliipenda. Kwa hiyo wa pili nikawa mimi, Kinyanjui, ndugu yako mdogo, ninayeandika maneno haya kwa niaba ya nyumba nzima. Wewe ulipiga hodi, mimi nikabeba mizigo. Ulisema tukiunganishwa tunatosha mtu mmoja mzima: moyo wangu na ulimi wako.

Geti lililotushinda lilikuwa la Mzee Lazarus, jirani yetu. Mkewe alikuwa amefariki, nyonga yake ilivunjika na haikupona sawasawa, na mahindi yake yalikuwa yamekauka shambani bila mvunaji. Siku ya kwanza alitufungulia. Alitumiminia chai yeye mwenyewe, akaileta akijikongoja kwa fimbo yake huku nusu ikimwagika njiani. Wewe ulipokea kikombe kwa mikono miwili, ukashukuru, ukakiweka chini.

"Mzee, unisamehe. Chai ni kitu ambacho imani yangu hainiruhusu. Naomba hata maji."

Mzee alisimama wima kuliko nyonga yake ilivyotaka.

"Maji hupewa ng'ombe. Mtu hupewa chai. Hiyo beji imeandikwa nini?"

"Elda. Ndivyo mishonari tunavyoitwa."

"Elda si ni mzee? Wewe mzee wa nini, na kidevu chako laini kama yai? Wazee wenzako tunakunywa chai! Sikiza, kijana. Asiyeshika kikombe changu hashiki panga langu. Nendeni."

Majirani waliosikia walisema alikuwa na haki. Kukataa chai ya mtu huku kwetu ni kumwambia mkono wake mchafu. Wengine walikuambia unywe tu, nani atajua? Ulikataa hilo pia. Ulisema atajua yule uliyemwahidi, na utajua wewe.

Basi yakaanza yale mazungumzo ya kila asubuhi ambayo kijiji kizima kilijifunza kwa moyo.

Ngo! Ngo-ngo! "Hodi, Mzee Lazarus! Kuna kazi?"

"Hakuna!"

"Basi kesho!"

"Hata kesho hakuna!"

"Basi kesho kutwa!"

Mimi damu ilinichemka. Nilikuambia mbele ya Baba na Mama: "Huyu mzee anatudharau. Sisi si mbwa wa kusimama getini. Mahindi yake yaoze!"

Ulinitazama na lile tabasamu lako. "Kinya, hasira yako ingewekwa chini ya sufuria, chai ya Mzee ingechemka bila kuni."

Baba alicheka mpaka akamwaga kikombe chake. Baba yetu ana kanisa lake na chai yake, na vyote viwili hajawahi kuvionea aibu.

Lakini hukuwa ukicheza. Jioni moja tulimsikia Mzee kupitia ua akizungumza kwa simu na binti yake Betty, aliye Nakuru. Simu yake huwa imewekwa sauti ya juu, kwa sababu ya masikio.

"Baba, mahindi yakiozea shambani, nakuja na gari. Utakaa kwangu."

"Nakuru nitafanya nini? Nitazame magari?"

"Basi tafuta mtu akusaidie."

"Mimi sijawahi kuomba mtu."

"Ndiyo maana nakuja."

Ulirudi ndani, ukakaa bila kula. "Wakimng'oa hapa atakufa kama mche," ulisema. "Na ni kikombe kimoja tu kimetuzuia."

Kesho yake kulikuwa na manyunyu. Ulipiga pigo la kwanza, na kabla ya lile la pili geti likafunguka. Mzee Lazarus hakusalimu. Alielekeza fimbo kwenye benchi barazani, na juu yake vilikuwa vikombe vitatu vikitoa mvuke. Kimoja cha chai. Viwili vya maziwa moto.

Ng'ombe wake wa mwisho alikuwa ameuzwa zamani. Baadaye Mama Jerop alitueleza yalikotoka maziwa hayo. "Alikuja kwangu alfajiri," alisema, "akasimama hapo mlangoni akikohoa. Nikadhani amekuja kunigombeza kwa sababu ndama wangu aliingia kwake. Kumbe anataka maziwa! Ati ana wageni. Lazarus, ambaye hajawahi kuniomba hata chumvi."

Ulikunywa maziwa yale hadi tone la mwisho, ukabaki na masharubu meupe. Mzee alichungulia kikombe chako kuhakikisha. Kisha akasema, "Panga liko pale, nyuma ya mlango."

Tulivuna. Wewe ulikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa ukimenya mahindi, tai ikiwa imetupwa begani ili isishike vumbi, nami nikakata na kubeba. Mzee alikaa barazani akitukosoa. "Wee wa hasira, gunia halibebwi hivyo!" Mahindi yalipukuchuliwa, yakaanikwa juu ya turubai, yakaingia ghalani makavu. Betty alikuja kweli na gari. Lilirudi Nakuru likiwa limebeba gunia la mahindi, na Mzee akabaki getini akilipungia fimbo.

Kisha ikaja ile Jumatatu ya kufua. Ulikuwa umeketi kwenye ngazi ya jikoni ukisugua gambuti zako. Shati lako lilikuwa kwenye kamba, bado likidondosha maji. Mama alikuita ule, ukasema, "Naja, Mama." Moyo wako ulikuwa umefanya kazi yote uliyoupa, na pale pale ukapumzika.

Mazishini Mzee Lazarus alikuja na koti lake la sherehe. Hakupewa nafasi ya kusema, akajichukulia. "Huyu alikuwa mgeni wangu," alisema, akaketi.

Baada ya hapo alifunga geti tena. Nilienda mara moja nikauliza kama kuna kazi. "Hakuna." Wewe ungerudi kesho, na kesho kutwa. Mimi si mtu wa kuambiwa hakuna mara mbili, na nyumba yetu nayo ilikuwa na kilio chake. Msimu uliofuata Betty alimtuma kibarua, akapanda, akaondoka bila kupalilia, na magugu yakawa marefu kuliko mahindi.

Ndipo juzi tukasikia mlio wako kwenye geti letu wenyewe.

Nilifungua. Alikuwa Mzee Lazarus, kofia mkononi, fimbo ndiyo aliyogongea mabati. Alikuwa amejifunza mlio wako kwa kuusikia kila asubuhi.

"Hodi," akasema, kana kwamba neno lile lilikuwa mfupa kooni.

"Karibu, Mzee. Kuna nini?"

"Betty anakuja Jumamosi na gari kunichukua. Anasema shamba halitapandwa, na mtu wa kunivunia mahindi sina. Mimi nimekuja..." Alikohoa. "Nimekuja kuomba. Hii ni mara ya pili maishani, na zote mbili nimefundishwa na huyu mtoto wenu."

Mama alilia na kucheka pamoja. Alimshika mkono akamwingiza ndani. "Kaa, Mzee. Utakunywa nini?"

"Kwenu kuna chai kweli?"

"Iko! Iko!" Baba alijibu kutoka chumbani, akitafuta viatu vyake, mwenye furaha ya mtu aliyepata mwenzake hatimaye.

Mzee alikunywa. Kisha akatoa simu, akampigia Betty, sauti juu kama kawaida, akaiweka mezani katikati yetu.

"Baba, tumeshazungumza," Betty alisema. "Yule kijana Irungu alikuwa mtu mzuri, lakini hayuko. Ni nani atakuwa hapo kila asubuhi?"

"Kuna huyu ndugu yake."

"Yupi? Yule mwenye hasira?"

"Yule yule," nikasema.

"Na siku ukikasirika?"

Meza nzima ilinigeukia, Irungu. Wahu aliniangalia, kisha akaangalia msumari ukutani ambapo tai yako bado inaning'inia. Nitakuambia nilivyomjibu. Kwanza pokea ubeti huu. Sikufundishwa ushairi na mtu, lakini mizani nimeihesabu mwenyewe na sitaki isahihishwe:

*Walikutuma karibu, hukupanda gari wewe,*
*Ukabisha kwa adabu, mlango ufunguliwe,*
*Ukajibiwa ghadhabu, hukurudisha kwa mawe,*
*Nitabisha bila tabu, hadi nami nipokewe.*

Sanduku lako liko chini ya kitanda. Mama amelijaza nguo za watoto wa wodi ile ya Eldoret, na Jumanne ijayo Wahu atalivuta mpaka huko. Kwa hiyo nalo litasafiri. Sisi tunaamini kaburi halikati ukoo, na kwamba uliko bado unavaa shati jeupe na kuuliza kama kuna kazi. Tunawahurumia malaika watakaojaribu kukuambia hakuna.

Wanaokukumbuka ni Mama yako Wangeci, ambaye bado hutenga kikombe chako; Baba yako Muchiri, ambaye hivi karibuni alikutwa akisoma kitabu chako cha maandiko na akasema alikuwa anatafuta miwani; dada yako Wahu; Mama Jerop na ng'ombe wake; Collins, ambaye hacheki tena akisikia neno mishonari; Mzee Lazarus, aliyesema aandikwe hapa kama familia; na mimi, Kinyanjui, wa pili wako. Maadamu Turbo ina mageti na mageti yana mabati, kila yakigongwa tutakukumbuka wewe.

Na haya ndiyo niliyosema mezani, nikiwa nimesimama, Betty akisikiliza Nakuru na Mzee Lazarus akinitazama juu ya kikombe chake:

"Mzee, binti yako ni shahidi. Kesho jua likichomoza nitagonga geti lako. Ukisema hakuna kazi, nitagonga kesho kutwa. Nikikasirika, nitakuja nimekasirika, lakini nitakuja. Mvua ya kwanza itakuta shamba lako limelimwa, na mavuno yatakukuta barazani kwako ukinikosoa. Naahidi."