Miaka Kumi na Tisa Kwenye Benchi

Ijumaa, 2 Oktoba

Nimefagia kanisa peke yangu tena. Zamu ilikuwa yetu watatu. Mmoja mgongo unamuuma, mwingine hata udhuru hakutoa. Sawa. Mungu ameona nani alishika ufagio.

Nilipokuwa napanguza mabenchi Padri akaniita. Akasema Baba Akinyi, mume wangu, ametimiza mwaka na zaidi kaburini, na mimi nilikataa kurithiwa na shemeji, kwa hiyo hakuna tena kizuizi. Niungame Jumamosi ya tarehe 31, kesho yake nipokee komunyo, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Kasema hivyo tu, kisha akaenda kupokea simu.

Miaka kumi na tisa tangu niolewe mke wa pili. Miaka kumi na tisa sijapokea. Ningefaa kuruka kwa furaha. Badala yake nimerudia kupanguza benchi nililokuwa nimeshalipanguza.

Jumapili, 4 Oktoba

Benchi la tatu kutoka nyuma, upande wa nguzo. Wengine wakienda mbele kupokea mimi hukunja miguu pembeni wapite. Najua viatu vya parokia nzima. Najua nani amebadilisha soli.

Nimemuwaza Mikayi, kama kila Jumapili. Mikayi ndiyo heshima ya mke wa kwanza, na mimi humwita hivyo hivyo. Jina lake Filomena halinitoki mdomoni. Yeye alifunga ndoa kanisani. Namwona huko kwake Ahero, na sare ya chama cha akina mama, anaenda altareni polepole kwa sababu ya magoti yake, mikono ameikunja kifuani. Yeye anapokea, mimi nakunja miguu.

Chungu. Lakini nimelizoea wazo hilo. Nikilikosa sijui nitawaza nini Misa nzima.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimefunga kibanda changu cha mchele mapema kwenda mafundisho kwa Mzee Ouma, katekista. Tuko wanne tunaorudi kwenye sakramenti. Watatu wengine ni vijana waliochelewa kufunga ndoa. Wananiita Mama na kunipisha kiti.

Mzee Ouma alisema watakatifu si watu waliofaulu mtihani. Ni watu waliokubali kupendwa na Mungu, wakaacha upendo huo uwageuze. Vijana wakaandika. Mimi sikuandika. Kama ni kupendwa tu, basi nilikuwa nafagia kwa nini?

Akauliza nani ana mtu hajamsamehe. Nilijifanya natafuta kalamu.

Wacha niandike hapa. Siku ya mazishi Mikayi ndiye aliyetoa maneno ya karatasi ya historia ya marehemu. Watu mia kadhaa waliishika mkononi. "Ameacha mjane mmoja." Mmoja! Mimi nilikuwa hapo hapo, nimekaa hema la majirani na sahani ya wali, watu wananiangalia kisha wanaangalia karatasi. Akinyi wangu, damu ya huyo baba, hakutajwa.

Simsamehe. Sitaki.

Jumapili, 11 Oktoba

Mvua tangu Alhamisi. Mchele umeingiza unyevu. Kanisani bati lilipiga kelele hata mahubiri hayakusikika. Afadhali.

Jumanne, 13 Oktoba

Otieno, mtoto wa kwanza wa Mikayi, amepiga simu kutoka Nakuru. Mto umevunja kingo, nyumba ya mama yake imejaa maji hadi dirishani. Yuko darasani shuleni na watu wengine, anakohoa. "Mama mdogo, tafadhali, mchukue. Siko na mwingine hapo karibu."

Wa kwanza kukumbukwa ni mimi, kumbe. Kwenye karatasi sikuwepo.

Aliposema maji yamefika dirishani, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni furaha. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilifurahi. Niliona kabati lake la vyombo linaelea na nikafurahi.

Kisha nikasema, "Aje."

Jumatano, 14 Oktoba

Amefika. Begi moja, kuku mmoja aliyefungwa miguu, ndala mbili tofauti. Amezeeka. Sikutegemea azeeke hivyo.

Nimempa kitanda. Nimelala chini kwenye godoro na nimechukia kila inchi ya sakafu.

Alhamisi, 15 Oktoba

Jumuiya ya kanisa hapa mtaani ilisali kwangu leo. Mama mwenyekiti akasimama: "Mnaona huyu mama? Anakaa na nyieka wake, mke mwenzake! Hapa Obunga tuko na mtakatifu, na sisi tunatafuta mbali." Makofi. Mwingine akaniomba nimwombee mume wake.

Nilitabasamu. Mikayi alikuwa kitandani chumba cha ndani, pazia tu katikati, anasikia yote.

Niliona aibu. Jambo baya zaidi ni kwamba kidogo nilipenda. Nilinyoosha mgongo.

Ijumaa, 16 Oktoba

Anageuza sufuria zangu. Mimi huzipanga zikitazama juu, yeye anazifunika chini. Nazirudisha. Anazifunika.

Kuku wake anataga chini ya meza ya televisheni.

Jumapili, 18 Oktoba

Naandika kabla hata ya kuvua nguo za Misa.

Alisema anaweza kutembea, tukaenda Misa pamoja. Nilitaka kumpeleka mbele wanakokaa wazee. Alikataa, akanifuata hadi benchi langu. Nikajua tu anataka kunipita mbele ya watu. Ukifika wakati, nitakunja miguu na Mikayi mwenyewe apite juu ya magoti yangu. Nilijiandaa. Nilikaza meno.

Wakati ukafika. Benchi likaondoka lote. Nikakunja miguu.

Hakuinuka.

Nilidhani ni magoti. Nikamwambia kwa sauti ya chini nimshike mkono. Akatikisa kichwa. Tumekaa wawili, benchi tupu, viatu vinapita.

Jumanne, 20 Oktoba

Nimeuliza. Tulikuwa tunachambua mchele, ungo katikati yetu. Ananisaidia sasa, macho yake bado yanaona mawe kuliko yangu.

Alijibu bila kuacha kuchambua. "Mimi sijachukua komunyo tangu ile mwaka alikuleta. Ile mahali ya kusamehe, kwa Baba Yetu, nilikuwa nafunga mdomo. Sasa nitaenda mbele namna gani na mdomo imefungwa?"

Miaka kumi na tisa. Padri wa kule alimwita mara mbili, akamwambia si yeye mwenye kosa. Akasema anajua. Hakwenda.

Watu wazima wanalia mambo kama haya. Mimi nilikasirika. Nimebaki na hasira mpaka sasa. Yule mwanamke wa sare niliyemwonea wivu Jumapili zote hizo hakuwepo! Alikuwa kwenye benchi lake Ahero, amekaa, kama mimi. Amenichukia kwa uaminifu kuliko wengine wanavyopenda.

Na mimi nitamchukia nani sasa? Huyu wa kitandani anakohoa na anauliza kama nimekula.

Ijumaa, 23 Oktoba

Sikufagia. Wacha vumbi likae.

Jumatano, 28 Oktoba

Nilimwambia Mzee Ouma sitaungama Jumamosi. Nikamweleza kwamba naitwa mtakatifu mtaani na ndani nimeoza. Nikamwambia kuhusu furaha ya mafuriko. Nilitegemea ashtuke. Mzee alikuwa anatafuta miwani yake.

Akasema, "Mama, wewe unataka kuwa safi kwanza ndio uoge?"

Nikamwambia si rahisi hivyo. Akasema hajasema ni rahisi, amesema maji yapo. Akapata miwani. Nimetembea kutoka kanisani hadi kibandani Mamboleo nikibishana naye kichwani njia nzima. Hili linaniudhi sana.

Ijumaa, 30 Oktoba

Silali vizuri. Si woga wa kukataliwa na Padri. Ni kinyume. Naogopa atanisamehe, halafu ile miaka itakuwa ya bure. Kufagia, kukunja miguu, Ijumaa zote hizo. Nilikuwa naweka akiba kwa Mungu, siku moja anitazame aseme huyu anastahili. Kama anagawa bure, basi hata Mikayi atapata. Hata yule mume wetu, aliyetufanyia haya na kwenda zake.

Nimeiandika na nimeisoma mara mbili. Ndiyo hiyo dhambi yangu. Nimeiona uso.

Jumamosi, 31 Oktoba

Nimekwenda.

Nilisema yote. Karatasi ya mazishi, chuki, mafuriko, makofi ya jumuiya, akiba. Nilisema kwa haraka kama mtu anayekimbia mvua. Padri hakunikatiza.

Kisha malipizi. Salamu Maria tatu.

Tatu! Nilibaki nimepiga magoti. Nikauliza, "Fadha, tatu pekee?" Akasema kama nataka kulipa yote, hata miaka mia haitoshi, na imeshalipwa. Akaniondolea dhambi, akaniambia niende kwa amani kwa sababu foleni ni ndefu.

Nimesali Salamu Maria tatu nyuma ya kanisa karibu na tangi la maji. Hazikuchukua hata dakika mbili. Nikasali ya kwanza kwa hasira. Ya pili sikumbuki. Ya tatu nilikuwa nalia na kucheka pamoja, mlinzi akaja kuuliza kama nimepigiwa simu ya msiba.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Mikayi kwamba nilifurahi nyumba yake ilipoingia maji. Sijui kwa nini. Padri hakuniagiza. Maneno yalitoka tu na kiatu kimoja bado mguuni.

Alimaliza kuparua magamba ya samaki. Halafu akasema, "Ile karatasi ya mazishi niliandika mwenyewe. Otieno alisema tuandike wawili. Mimi nikakataa." Hakusema pole. Mimi pia sikusema. Tumekula samaki kutoka sahani moja kwa sababu nyingine ilikuwa na mayai.

Bado sufuria anazifunika.

Jumapili, 1 Novemba

Mvua imekatika. Asubuhi baridi, barabara tope.

Tulikaa benchi lile lile. Zikasomwa litania ndefu za watakatifu, majina na majina. Nilikuwa nawaza hao wote walikuwa na watu wa kuwaudhi ndani ya nyumba. Wengine wao ndio waliokuwa wakiudhi.

Wakati ulipofika niliinuka. Miguu haikujua njia. Mikayi akakunja magoti yake mabaya pembeni, polepole, kwa maumivu, nipite. Nilipita.

Sikuona mwanga wowote. Ni kitu chepesi, kimegandamana na kaakaa, nikaogopa kukitafuna. Nilirudi nikakaa. Nilikaa karibu naye kuliko nilivyokaa mwanzo. Hakusogea.

Njiani kurudi alitembea ameshika mkono wangu kwa ajili ya tope. Tulipofika karibu na lango akauliza Padri huwa anakaa siku gani kuungamisha watu. Nikamwambia Jumamosi, kuanzia saa kumi.

Akauliza kama foleni huwa ndefu, kwa sababu ya magoti.

Nikamwambia nitatangulia nimshikie nafasi.