Kumi Kwenye Ukungu

3 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yake kabla hajaanza kulalamika kwamba namsahau. Goti linasemaje? Mimi mzima, ila nyayo zimekuwa ngumu kama hizo soli unazoshona.

Baba, nimeongoza safari yangu ya kwanza! Siku nne mlimani, wageni wanane, hadi kwenye magofu na kurudi. Siku ya tatu tulipomaliza zile ngazi za mawe, mgeni mmoja aliegemea ukuta wa kale akalia kwa furaha, halafu akaniuliza choo kiko wapi. Kila kituo nilihesabu vichwa, na sikujihesabu. Wenzangu wananiita Bi Hesabu. Wacheke tu. Hilo ulinikaririsha tangu darasa la tano, kuliko hata sala.

Kuna jambo jingine. Kuna watu walikuja ofisini kuomba kazi ya kufunga mstari, ile ya kutembea nyuma ya wote asibaki mtu. Mmoja wao ni Kobe. Ndiye huyo huyo aliyekuwa akikufungia mstari ulipokuwa kiongozi, aliyemwacha yule mgeni muuguzi njiani akafa kwa baridi, miaka kumi na mmoja iliyopita. Amezeeka, na koti limechanika begani. Meneja akaniachia niamue mimi. Nikamwambia Kobe mbele ya watu wote, "Kwenye mstari wangu hatembei mtu aliyemsahau mgeni." Alichukua kofia yake mezani akatoka.

Nilifanya hivyo kwa ajili ya jina lako. Najua ungefurahi.

Binti yako mpenzi


20 Juni

Baba,

Shikamoo. Barua yangu ilifika? Mama ameniambia kwenye simu kwamba umeacha kushona, viatu vya watu vimejaa hadi mlangoni, na chakula unakichokonoa tu. Nikamwomba akupe simu, akasema umekwenda uani. Nikapiga tena jioni, bado uko uani. Huo ua una nini?

Kama unaumwa, sema. Kama nimekukosea, sema pia.

Binti yako


29 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako analalamika, kwa hiyo ni mzima. Goti halina neno. Kinachoniuma si goti.

Barua hii nimeianza mara sita. Ya sita mama yako aliitumia kuwashia jiko, nami nikashukuru, uone nilivyo mwoga.

Siku ile tulikuwa na wageni tisa. Tulipokaribia ule mpenyo wa juu kati ya vilele, mgeni mmoja akateguka mguu. Nikamwita Kobe aje mbele amshike mkono. Yeye ndiye aliyekuwa anafunga mstari. Kwa hiyo nyuma hakubaki mtu, na aliyeuacha mkia wazi ni mimi. Ukungu ukashuka. Wote walivaa makoti ya mvua ya rangi moja, nyuso hazionekani. Nikahesabu. Nilitaka kumi: wageni tisa na Kobe. Nikapata kumi. Kobe akaniuliza, "Kiongozi, nirudi nyuma kidogo niangalie?" Nikamwambia, "Wametimia. Twende."

Hesabu ile niliianza kwa kujigusa kifua. Moja. Nilijihesabu, mwanangu.

Nililijua kosa langu tulipofika kambini. Tulimtafuta yule muuguzi usiku kucha, tukampata asubuhi amekaa chini ya mwamba, mkoba mapajani, amekufa. Ofisini waliponiuliza nani alikuwa nyuma, nikasema Kobe. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilijiambia nafanya kwa ajili yako, lakini huo ni uongo mwingine. Niliogopa aibu, basi.

Mzigo wangu nilimtwika mwenzangu, yeye akatembea nao miaka yote hii, nami nikakaa hapa nashona viatu. Na sasa nimekufanya wewe umwongezee.

Baba yako


16 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Sijapata neno kutoka kwako. Mama yako nimemweleza. Siku tatu hajalalamika hata kidogo, na sijui nifanyeje na nyumba iliyonyamaza hivi.

Sikulaumu ukikaa kimya. Niambie tu kama u mzima huko mlimani.

Baba yako


2 Agosti

Baba,

Shikamoo. Naiandika barua hii kwa sababu ulinilea kwa adabu. Moyo wangu haujatulia. Nimekukasirikia hadi nikashindwa kula.

Nilimtafuta Kobe wiki mbili. Anapakia mifuko ya saruji kwenye ghala nyuma ya stendi. Tulikaa juu ya mifuko nikamsomea barua yako. Pale pa kujigusa kifua akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Nilimwona akijigusa. Sikujua maana yake mpaka tulipofika kambini." Kumbe alisema, baba. Alisema ofisini siku ile ile uliyoulizwa, wakamjibu kwamba mbeba mizigo kama yeye hawezi kumfundisha kiongozi kuhesabu.

Nilimwomba msamaha kwa yale niliyomtamkia. Akasema, "Wewe ulisema ulichofundishwa." Heri angenitukana.

Kazi nimempa, ameikataa. Haitaki mpaka neno lisemwe kwa kinywa chako, mbele ya dada wa yule muuguzi. Yule dada ana duka la vitambaa karibu na ghala, na kila akimwona Kobe huvuka barabara. Kobe anasema amechoka kuvukiwa barabara.

Nimemwambia meneja kuna jambo la safari ile, na kwamba utalisema mwenyewe. Jina lako ndilo lililoniingiza ofisini hapa. Likianguka huenda nami nikaanguka nalo. Nimelala na hilo siku nyingi, nimeamka nalo, na bado nakwambia njoo.

Kikao ni hapa ofisini, Jumatatu tarehe kumi na mbili, saa tatu asubuhi. Viti nimevipanga mwenyewe. Kimoja cha meneja, kimoja cha dada wa marehemu, kimoja cha Kobe, kimoja changu. Nilipovihesabu vilikuwa vitano.

Safari hii, baba, jihesabu.

Binti yako