Hatua Kumi na Nne

Baba,

Kamwene. Ni mimi Agripina, mbishi wako. Nimekaa juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba, viatu vimejaa tope, na nina habari ambayo haiwezi kungoja hadi misa ya kukuombea. Ila kwanza kuna jambo sikukuambia ukiwa hai.

Unakumbuka ulivyokuwa umelala kitandani mvua zilipoanza, kila asubuhi unaniuliza, "Shamba likoje?" Nami najibu, "Zima, Baba." Nilikudanganya. Uliposhindwa kushika jembe, nilichimba matuta ya viazi yashuke moja kwa moja na mteremko, kama wengi wanavyofanya hapa Kichiwa, maana maji yakituama viazi vinaoza. Ulikuwa umenikataza miaka yote. Mvua tatu tu, Baba. Udongo mweusi wa juu ukaenda kulala kwenye vinyungu vya jirani yetu Mama Neema, zile bustani zake za kule bondeni. Yeye akapata kabichi za kutisha, sisi tukapata korongo. Lile lile la zamani uliloanza kulizuia kwa mawe likaota mkono mpya, na mkono huo ulikuwa unapanda kuelekea kaburi la Mama.

Tulipokuzika ubavuni pake, nilihesabu. Toka kwenye msalaba wako hadi ukingo wa korongo, hatua kumi na nne. Watu wanalia, mimi nahesabu hatua.

Baada ya matanga ukoo ukakaa kikao. Baba mdogo Zakaria akasema shamba limekufa, tupande miti ya mbao, tuhamie Makambako. Nikaomba msimu mmoja tu. Akacheka: "Utashindana na mvua, wewe?" Iliniuma, kwa sababu mimi mwenyewe nilikucheka hivyo hivyo, ukisukuma toroli la mawe kila Jumamosi wakati wenzio wako kwenye pombe ya ulanzi.

Ndipo nikakumbuka siku uliyonileta hapa jiweni, nikiwa darasa la nne. Ulibandua gamba la jiwe kwa mkono, ukalisaga kwa vidole likawa changarawe. Ukasema, "Hata jiwe linaoza, ila halina haraka. Jua linalipasua, baridi ya Juni inalibandua, mizizi inamalizia. Udongo wetu wote ulikuwa jiwe. Babu ya babu yako hakuuona ukizaliwa, nawe utaupoteza kwa mvua moja?" Sikuelewa. Nilidhani unanigombeza kwa kukwepa palizi.

Basi nikalichukua toroli lako. Nilisomba mawe toka hapa, nikapanga kuta za kukata korongo, moja chini ya nyingine, na kando nikapanda matete. Matuta nikayageuza yakate mteremko. Lakini ubishi wangu haukuzikwa na wewe: niliyainamisha kidogo upande mmoja, ili maji yasituame yakaozesha viazi, wala yasikimbie. Hilo hukunifundisha. Hilo ni langu.

Mvua kubwa ikaja Januari. Ukuta wa juu ulibomoka mara mbili, nikaujenga mara tatu. Mikono ilichubuka hadi nikashindwa kushika kijiko. Halafu asubuhi moja nikashuka korongoni nikakuta nyuma ya kila ukuta tope jeusi limetulia, laini, linafika kwenye kifundo cha mguu. Nilikaa humo humo topeni nikalia kwa sauti. Ulikuwa ukisema, "Maji yakikimbia yanaiba, yakitembea yanaleta." Yameleta, Baba. Mvua zilipokwisha, tope lilikuwa magotini, na ncha ya ule mkono mpya imejaa hadi mdomoni.

Nimevuna maharage ndani ya korongo. Nasema tena, ndani ya korongo. Juma lililopita baba mdogo alikuja akala sahani mbili, akafuta mdomo, akauliza mawe nayatoa wapi, maana naye ana kakorongo kake. Nimemwazima toroli lako, nikamwambia alirudishe kabla ya Jumamosi. Habari ya miti ya mbao hakuigusa. Mama Neema analalamika kabichi zake mwaka huu ni ndogo. Nilimpa pole, moyoni nacheka.

Nisamehe ule uongo. Nilitaka ulale ukiwa na amani, na tangu siku hiyo mimi ndiye niliyekosa usingizi. Sasa naweza kukujibu bila kutazama chini: shamba ni zima.

Pumzikeni, wewe na Mama. Naahidi kwamba kila nikija kuwasalimu sitakuja mikono mitupu, nitabeba jiwe moja la kuongeza ukutani. Wanangu nao nitawaleta hapa wabandue gamba hili kwa vidole vyao wenyewe, hata wakidhani nawagombeza.

Asubuhi hii nilisimama kwenye msalaba wako, nikatembea polepole hadi ukingoni, kwa hatua zangu zile zile. Nilirudi nikahesabu upya, unanijua.

Kumi na sita, Baba.

Mwanao,
Agripina