Uliyemlaza Kwenye Sukari

Baba Odilia,

Leo sianzi na Tumsifu Yesu Kristo, maana bado nimekununia. Wewe umelala Mpui kwenye makaburi ya kwenu, karibu mwaka sasa, mimi nimebaki hapa Mazwi na mke mwenzangu.

Hicho kimeng'enya chako, watu wote husema kimekauka, kimeharibika. Wewe, mwalimu wa kemia mzima, ulisema "ameamka", "amechoka". Siku moja nikakusikia kwenye simu: "Usimweke juani, atakufa." Nikajua ni mwanamke, nikalia jikoni mpaka ugali ukaungua. Ulipokuja kunieleza kwamba ni kitu kinachotoka kwenye kimea cha ulezi, kazi yake kulainisha wanga, sikufarijika. Mwanamke ningemfuata nikamtukana. Kimeng'enya ningekitukana vipi? Nikaapa mdomo wangu hautakiita "yeye" hata siku moja.

Huku kwetu kwenye baridi kiliishi. Kikishuka Bonde la Rukwa, joto lilikiua kabla hakijafika zahanati. Ndipo ukaanza kukichanganya na sukari na kukikausha polepole, kikae bila friji. Sukari! Mimi kwenye chai ulinipimia kijiko kimoja, eti bei imepanda. Kitenge changu cha harusi ukafungia chupa zake. Ulisema viwanda vya nguo na vya juisi vitakigombania, na wagonjwa watapona kwa uji wake. Mimi nani angenigombania?

Hata ulipougua koo, hicho ndicho ulichoulizia. Kidogo tu kwa ncha za vidole, uji mzito ukalainika, ukameza. Mimi nilishika kijiko. Nilikulisha huku moyo unaniuma, mume wangu, na hukujua.

Basi baada ya arobaini nikachukua chupa yako ya mwisho nikaiweka dirishani, upande unaopigwa na jua la mchana. Nilikusudia. Kiangazi chote nilipita naitazama, nasema moyoni, kufa na wewe.

Wiki hii mama yako ameletwa kutoka Mpui, homa imemmaliza. Uji mzito haushuki, mwepesi haumtii nguvu. Jana alisukuma kijiko akageukia ukutani. Nikasimama na bakuli, naiangalia ile chupa. Niliomba kiwe hai, nikaomba kiwe kimekufa, sijui niliomba lipi kwanza. Nikauacha uji upoe mpaka kidole kikavumilia, kama ulivyonielekeza, nikatia kidogo.

Ukalegea, Baba Odilia. Ukawa wa kunywa, nautazama. Mama akamaliza bakuli lote, akasema, "Mkwe, huu ni uji wa mwanangu."

Kumbe uliweza. Jua lote lile! Nilitoka nje nikalia, na bado ni wivu, sikufichi. Wewe nilikufunika mablanketi mawili, nikakukumbatia usiku kucha, ukaniponyoka. Hicho ulikipa sukari tu, kimebaki.

Chupa nimeitoa dirishani nimeifunga kwenye kitenge changu. Ulezi nimeshauloweka, uote, na sukari nimenunua ya kutosha. Dada wa zahanati kule bondeni nimemwahidi chupa ya kwanza.

Pumzika, mume wangu, usihangaike huko. Amelala salama. Nitamtunza.

Mkeo mkubwa,
Mama Odilia