Eda Iliyokataa Kwisha

Kambini, karibu na Nhica do Rovuma,
20 Juni 1968

Mpendwa binamu yangu Ussene,

Pokea salamu zetu sote, na pole kwa mitihani, maana najua Juni ilivyo huko Sofia. U hali gani? Kifua kimepona? Unakula vizuri, au bado unashindia mkate na chai? Sisi tu wazima. Mama yako, Shangazi Ancha, ni mzima, na ulimi wake mzima vilevile. Muhogo umekubali mwaka huu, ila tunaupika giza likishaingia, ndege za adui zisije zikauona moshi.

Niambie masomo yamefika wapi. Ile mashine ya kukokotoa iliyojaza chumba kizima, mmesharuhusiwa kuigusa, au bado mnaichungulia mlangoni kama bibi harusi? Huku vidole vinaniwasha. Juzi nilikuwa nachora saketi mchangani kwa kijiti, mbuzi akapita juu yake, nikamfokea mbuzi wa watu mpaka wakanishangaa.

Kazi ninayo. Natengeneza redio za kambi, risasi ya kulehemu naiyeyusha kwa chuma cha moto wa mkaa, na betri tunazichaji kwa baiskeli iliyoinuliwa juu ya magogo, mtu anakanyaga pedeli bila kwenda popote. Mimi mwenyewe siku hizi ni kama huyo mtu.

Unajua nilikuja kwa ajili ya msiba wa baba, nikakuta ameshazikwa. Chuo kilinipa ruhusa hadi Septemba. Nisipotokea, nafasi yangu anapewa mwingine, na uhandisi wa umeme ndiyo basi tena. Kuvuka Ruvuma, kufika Mtwara, kisha Dar es Salaam kungojea hati, si safari ya kuanza mwishoni. Kamarada Domingos, mkuu wa kambi, aliniambia tangu mwanzo kwamba siku mama atakapotoka eda nikachukue barua ya njia.

Basi nikawa nangojea eda. Lakini eda ya mama, ndugu yangu, ilikuwa vita ndani ya vita. Nguo zake nyeupe zinaonekana toka juu. Kamarada Domingos akaomba zitiwe rangi ya magome ya mti. Mama akakataa katakata, akasema atakaa ndani. Ndege zikija, watu wote wanakimbilia handakini, yeye anabaki kibandani na tasbihi. Nami ningemwachaje? Nilikuwa nakaa naye, bati hatuna, makuti tu juu ya vichwa vyetu.

Juma lililopita tulisoma maulidi, kwa sauti ya chini. Nikiwa katikati ya kuitikia, likanijia. Baba alifariki siku chache baada ya Idi ya Mfunguo Mosi. Eda ni miezi minne na siku kumi, kwa hiyo ilipaswa kuisha katika Mfunguo Tano, na maulidi ni Mfunguo Sita. Nilimwendea mama yako. Aliendelea kumenya muhogo, akasema, "Wanawake wote tunajua, Mshamu. Tulimwogesha usiku, tukamfukiza udi, akazirudia nyeupe zake. Alituapisha tusikuambie."

Nilikasirika. Mama alikaa chini ya ndege za adui, bila sharti lolote la dini, ili mimi nisiondoke! Niliingia kibandani nikamwambia, "Mama, eda yako imekwisha zamani."

Hakushtuka. "Imekwisha. Baba yako kanitoka, nikasema wewe nikucheleweshe kidogo." Kisha akanitazama. "Nawe mwenye kusoma hesabu Ulaya, mwezi unaandama na kuzama, ulikuwa huuoni?"

Nakuambia wewe tu, Ussene: nilikuwa nauona. Kila ulipoandama niligeuza uso, nikaenda kukanyaga baiskeli. Nataka kurudi chuoni hata usingizi sipati, na papo hapo sikutaka niwe mimi niliyemwacha. Tulidanganyana, kila mmoja wetu anajua, ndege zinapita juu.

Jana asubuhi ngurumo ilisikika upande wa Palma. Kabla sijasimama, mama alishatoka, amevaa kaniki, amebeba mkeka, anakimbilia handaki akiwatangulia hata wasichana wa kambi. Alipofika ukingoni akageuka kuangalia kama nakuja. Nilikwenda nikakaa karibu naye. Ndege ilipopita akasema nikachukue barua yangu.

Nimeichukua. Navuka Jumatatu pamoja na wachukuzi wa mizigo, na barua hii imetangulia na mmoja wao. Niwekee kitanda karibu na dirisha, na unikopeshe madaftari yako ya mwaka wa pili.

Nisalimie wenzetu wote wa bwenini. Shangazi Ancha anakuombea kheri na anasema ufunge vifungo vya koti. Mungu akulinde huko uliko, na awalinde hawa ninaowaacha. Mama naye anakusalimu sana. Anasema nikifika, miezi unihesabie wewe, maana mwanawe hajui.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye,
Mshamu