Meza ya Malenga

Nkololo, Juni 1995

Mke wangu Matilda,

Natangaza rasmi, wewe ukiwa wa kwanza kujulishwa, kwamba nimeketi kwenye meza ya marehemu malenga. Nilivua viatu kwanza. Wanawe wamewafungulia waandishi nyumba yake, na humu chumbani naogopa hata kukohoa. Meza naigusa kwa ncha za vidole tu.

Najua unachuma pamba peke yako, wanunuzi binafsi wanapita na magari yao, na umeapa nikirudi bila kitabu utahamia kwa kaka yako.

Leo nimemwuliza mjane, “Mayu, mama yangu, mzee aliitumia meza hii miaka mingi?”

Akacheka. “Hiyo, baba? Tumeinunua juzi kwa ajili yako. Mzee hakujua kusoma. Alitunga kwa kuimba, huku analima.”

Barua hii ndiyo kitu pekee nilichoandika hapa.

Mumeo,
Bundala