Sauti za Chiriku

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona? Mimi mwili mzima, moyo ndio umeniruka.

Asubuhi nimefungua duka, nikawasha kompyuta ya marehemu mdogo wako. Mafaili yote yamewekewa mkia wa herufi nisizozielewa, hata moja halifunguki. Kwenye kioo kuna maandishi mekundu: tulipe, tukichelewa vitu vyetu vinapotea. Jana ilikuja barua pepe yenye ankara, imeandikwa kwa jina la Chiriku. Tangu tumzike hakuna aliyemwandikia. Nikaifungua nione ni nani ambaye hajasikia.

Sauti zake zimo humo, zile alizojirekodi akiwa mgonjwa: "Mama, ukinikumbuka, bonyeza hapa." Nyingi sijazisikia bado. Nilikuwa naziweka akiba, kama mtoto anavyoficha peremende.

Mama yako


3 Machi

Shikamoo mama,

Kifua kimepona. Pole sana. Kwanza chomoa waya wa intaneti, ugonjwa usihamie kompyuta ile nyingine ya dukani. Usifute kitu, usiwajibu. Piga picha hayo maandishi kwa simu, uyapeleke polisi.

Mafaili hayajaondoka, mama, yamefungwa palepale yalipo. Ndani ya ile ankara kulikuwa na programu. Imeyavuruga moja moja kwa hesabu ngumu, na ufunguo wa kuyarudisha wanao wao. Kuubahatisha hakuna awezaye. Wakati mwingine wataalamu huupata na kuugawa bure, nitatafuta. Ila usilipe. Mwizi hatoi risiti.

Tusilie kabla ya msiba. Ile diski ya akiba niliyomnunulia Chiriku, ambayo kila siku nilikuwa nawasumbua muichomoe mkishanakili, iko wapi? Usiichomeke popote. Niambie tu ilipo.

Mwanao


5 Machi

Mwanangu,

Nashukuru kwa kunijibu upesi. Nimeamka salama.

Polisi wameniandikia maelezo, wakanipa pole.

Diski iko pale alipoiacha, imechomekwa. Siku tunampeleka hospitali aliiacha hivyo, kiti kimegeuzwa upande, kalamu juu ya kibodi. Nikiiwasha kompyuta nagusa kipanya tu, vingine sijavigusa. Hata vumbi nafuta kwa kuvizunguka. Maneno yako niliyakumbuka, mwanangu, lakini kila nikishika ule waya naona kama namwondoa kwa mkono wangu mwenyewe.

Nayo imefungwa?

Mama yako


6 Machi

Shikamoo mama,

Ndiyo. Kilichochomekwa chote hufungwa pamoja. Hata mimi ningeshindwa kuuchomoa ule waya.

Nimewaonyesha wenzangu kazini ile picha ya maandishi uliyonitumia kwa simu. Aina hii ni mpya, ufunguo wake haujapatikana popote. Chomoa diski sasa, iweke kabatini, huenda miaka ijayo ukapatikana. Kompyuta ifutwe yote, ianze upya. Na mama, nakuomba kwa kupiga magoti, usiwape watu hawa chochote.

Mwanao


2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Simu inaita tu. Jirani anasema duka limefungwa. Unakula?

Mwanao


19 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi ni mzima, usiwe na wasiwasi, nakula.

Nimelipa. Nimeuza cherehani yangu. Najua utasema nini, na ni kweli yote. Wewe ulikuwa unanishauri juu ya kompyuta, mimi nilikuwa namsikia mwanangu anagonga mlango.

Ufunguo walileta. Fundi wa mtaani amehangaika nao hapa dukani tangu asubuhi. Zimefunguka ankara. Zimefunguka barua za wateja za kuomba kazi, na tangazo la mbuzi aliyepotea, alilolichapa Chiriku huku akicheka mpaka mwenye mbuzi akanuna. Sauti hazikufunguka. Fundi anasema yale mafaili makubwa yaliharibika wakati wa kufungwa, ufunguo wao hauyawezi.

Moja tu limecheza. Ni mojawapo ya zile nilizokuwa sijazisikia. Kiti kinalia kidogo, halafu anavuta pumzi, kama mtu anayetaka kuanza kusema. Kisha basi.

Nimemwuliza fundi kama kuna mbele. Amesema, "Mama, hamna mbele."

Mama yako